Ukitaka Faida ya Dalali, Chukua na Kazi Yake

Ndugu wafugaji, mabibi na mabwana, vijana mliofuatana na wazazi wenu, na ninyi wateja wetu mliokubali kuja kukaa pamoja nasi, asanteni sana kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu familia inayofuga na kuuza nyama yake yenyewe kwa watu wanaoizunguka, bila kupita mnadani. Mazungumzo ya aina hii huwa yanaanza na dalali. Watu husema anatunyonya, tukimwondoa faida yake itaingia mfukoni mwetu. Mimi naomba tumtazame vizuri kwanza. Yule anayemnunua mnyama wako akiwa hai anafanya kazi. Anamsafirisha, analipa machinjio, anabeba hasara mnyama akifia njiani au mkaguzi akiukataa mzoga. Anahangaika kutafuta mtu wa paja na mtu wa utumbo. Anakopesha, na wakati mwingine halipwi. Ukimwondoa huyu mtu, kazi zake haziondoki naye. Zinahamia nyumbani kwako zote, na lazima awepo wa kuzifanya, tena alipwe. Faida ipo, sikatai, familia yangu inaishi kwayo. Lakini inakaa ndani ya kazi hiyo, na asiyeijua kazi ataitafuta faida asiione.

Tuanze na mizani, maana hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua.

Chukua ng'ombe wa kilo 400 akiwa hai. Akishachinjwa na kuchunwa, ukatoa kichwa, miguu, ngozi na vya tumboni, mzoga wa ng'ombe wa nyama huwa kati ya asilimia 50 na 60 ya uzito wake. Tusijipe matumaini makubwa, tuseme nusu: kilo 200. Mzoga ukilala kwenye chumba cha baridi unapoteza maji, kama asilimia 2 hivi. Zimeenda kilo 4. Sasa toa mifupa, kano na mafuta ya ziada, na theluthi nyingine imeondoka. Mkononi una kilo 130 za nyama tupu. Mbuzi ana ukali wake zaidi, kwani mara nyingi mzoga wake haufiki hata nusu ya uzito. Nguruwe ndiye mwenye neema, mzoga wake hufika asilimia 70 na kuendelea, kwa sababu tumbo lake ni dogo na kwa kawaida hachunwi.

Kwa hiyo mtu anayegawanya gharama zake kwa kilo 400 na anayegawanya kwa kilo 130 wanapata bei mbili zilizopishana mara 3. Nimewaona wafugaji hodari kabisa, wanaojua kulisha, wanaojua kutibu, wakapanga bei ya nyama kwa kuangalia bei ya mnyama hai na kuongeza kidogo juu. Nyama iliisha asubuhi. Wateja waliwasifu. Mwisho wa mwaka hapakuwa na pesa ya dawa ya kuogeshea. Ndugu zangu, nyama kuisha haraka si ushahidi kwamba umefanya biashara. Pima mnyama akiwa hai, pima mzoga, pima kila fungu linalotoka, uandike. Fanya hivyo kwa wanyama wako wachache tu, utapata hesabu yako mwenyewe, na hiyo ni bora kuliko yangu.

Kwenye zile kilo 130 kuna jambo jingine. Si nyama ya aina moja. Ule msuli laini ulio ndani ya kiuno, chini ya uti wa mgongo, ule ambao wengi huuita fileti, kwa ng'ombe wa ukubwa huu ni kilo 3 au 4 pande zote mbili. Basi. Na mtu wa kwanza kupiga simu anautaka huo. Wa pili pia. Huwezi kuchinja ng'ombe mwingine kwa ajili ya kilo 3. Dalali na mwenye bucha kubwa hawana shida hii, kwa sababu wanapitisha wanyama wengi na kila sehemu ina njia yake ya kwenda. Familia inachinja mnyama mmoja, na lazima mnyama huyo aishe wote.

Sisi tunauza kwa mgao. Mteja anachukua robo, au nusu ya robo, au kapu la kilo kadhaa lenye kila kitu ndani yake: ya kukaanga, ya kuchemsha, ya kusaga, mifupa ya supu. Bei ni moja kwa kapu zima. Anayetaka steki peke yake tunamwambia bei ya steki peke yake, na ni bei kubwa, kwa sababu lazima ibebe shingo na vifundo atakavyotuachia. Hatumdanganyi na hatumnung'unikii. Tunamwonyesha hesabu.

Na ukishauza kwa mgao umechukua kazi nyingine, ya kumfundisha mteja kupika. Shingo, kifundo, mkia na kidari ni misuli iliyofanya kazi maisha yote ya mnyama, kwa hiyo imejaa kolajeni, ile tishu nyeupe ngumu. Ukiiweka juu ya moto mkali kwa dakika chache itakuwa kama mpira. Ukiipika kwa moto mdogo, kwenye maji, saa tatu au nne, ile kolajeni inayeyuka inakuwa ute, na hapo unapata mchuzi ambao fileti haiwezi kukupa kamwe. Mteja asiyejua hili atarudi na kusema nyama yako ni ngumu, na kwa namna alivyoipika anasema kweli. Muda wa kumweleza ni pale anapopokea kapu, si baada ya wiki.

Vya tumboni, kichwa na miguu vinataka mnunuzi ajulikane kabla kisu hakijashikwa. Maini na utumbo ndivyo vinavyowahi kuharibika. Ukianza kutafuta mnunuzi wa utumbo saa nane mchana, umechelewa.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye saa 24 za mwisho za mnyama, maana hapo kazi ya miaka mitatu inaweza kuharibika yote, na ni sehemu ambayo wengi wetu tukimkabidhi dalali tulikuwa hatuioni kabisa.

Msuli wa mnyama una akiba ya sukari, wataalamu huiita glaikojeni. Mnyama akifa, akiba hiyo inageuka kuwa asidi ya laktiki, na ukali huo unaishusha pH ya nyama, yaani kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, kutoka karibu 7 hadi kama 5.5 ndani ya siku moja hivi. Hiyo asidi ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri na kuizuia isiharibike upesi. Sasa mnyama aliyefukuzwa, aliyepigwa, aliyepigana na wenzake, aliyekaa safarini bila maji, ameshaichoma akiba yake kabla ya kufika kwenye kisu. Asidi haitoki ya kutosha. pH inabaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi, kavu, ya kunata, na inaoza haraka. Hakuna dawa ya kuirudisha. Na usidhani kumlaza usiku mmoja kunatosha kumrudishia ile akiba. Kwa ng'ombe inachukua siku kadhaa akiwa anakula vizuri. Nguruwe naye ana lake: akitiwa hofu dakika chache tu kabla ya kuchinjwa, asidi inatoka kwa kasi nyama ikiwa bado ya moto, na inakuwa nyeupe, tepetepe, yenye kutoka maji.

Kwa hiyo utulivu wa mnyama ni huruma, na mimi huruma naiweka mbele, lakini pia ni ubora wa nyama, na ni pesa. Usichanganye mafahali wasiojuana usiku wa mwisho, watapigana mpaka asubuhi. Usimtoe mnyama mmoja peke yake mbali na wenzake kama unaweza kumpeleka na mwenzake. Mnyime chakula saa 12 hadi 24 ili tumbo liwe tupu na kazi ya kulitoa iwe safi, lakini maji asinyimwe hata saa moja.

Yupo profesa mmoja wa Marekani, Temple Grandin, aliyejulikana duniani kote kwa kuingia mwenyewe kwenye njia wanazopitishwa ng'ombe ili aone wanachokiona wao. Alionyesha kwamba vitu vinavyowagomesha ni vidogo: kivuli kinachokata njia, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio. Kwetu maksai waliwahi kugoma langoni jioni ya kupakiwa. Watu wakaanza kupiga kelele, fimbo zikaanza kutafutwa. Mdogo wangu akawaomba wote wanyamaze, akapita mbele ya wanyama, akainama mpaka kichwa chake kikawa sawa na vichwa vyao, akaangalia kule wanakoangalia. Kulikuwa na kipande cha gunia kimenasa kwenye bawaba, kinapepea kila upepo ukivuma. Akakichomoa akakitia mfukoni. Yule maksai wa mbele akanusa lango, akapita, na wengine wakamfuata. Hakuna aliyeguswa na fimbo.

Baada ya kuchinja, adui ni uchafu na joto. Nyama ya mnyama mwenye afya ndani yake haina vijidudu. Vinatoka kwenye ngozi, kwenye utumbo na kwenye mikono yetu. Mkono unaoshika ngozi usishike nyama. Umio na njia ya haja vifungwe kwa kamba kabla ya kutoa tumbo. Visu vizamishwe kwenye maji ya moto ya nyuzi 82 za Selsiasi kila baada ya mnyama, na kila kisu kinapogusa uchafu. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanastawi, na kwenye joto linalowafaa baadhi yao wanaongezeka maradufu kila dakika 20. Ukiacha nyama kwenye gari lenye jua mpaka umalize kusalimiana na wateja wote, umeshawapa nafasi.

Lakini baridi nayo ina utaratibu wake, na hili hasa kwa wenye mbuzi na kondoo. Mzoga mdogo unapoa upesi. Ukiuingiza kwenye friza ungali na joto la uhai, msuli ukashuka chini ya nyuzi 10 kabla haujakakamaa, unajikunja kwa nguvu na nyama inakuwa ngumu moja kwa moja. Uache kwanza mahali safi penye ubaridi wa wastani saa kadhaa, ukakamae, ndipo uingie kwenye baridi kali. Mzoga wa ng'ombe ukikaa kwenye nyuzi kati ya 0 na 4 kwa siku 7 hadi 14, vimeng'enya vya nyama yenyewe vinakata nyuzinyuzi za msuli taratibu, na nyama inalainika bila kuongezwa kitu chochote. Huna chumba cha baridi cha kuaminika? Basi usijaribu, uza mapema, na umwambie mteja aipumzishe kwenye jokofu lake siku moja au mbili kabla ya kupika. Ya kuhifadhiwa kwa miezi ishuke hadi nyuzi 18 chini ya sifuri na ibaki hapo.

Wateja wananiuliza sana kuhusu ile damu kwenye mfuko. Si damu. Damu imeshatoka siku ya kuchinja. Ni maji ya nyama yenye mayoglobini, kitu chekundu kinachohifadhi hewa ya oksijeni ndani ya msuli. Nyama iliyofungwa bila hewa itakuwa ya zambarau kidogo, na ukiifungua ikapata hewa nusu saa itarudi nyekundu. Mwambieni mteja hili kabla hajaogopa. Vilevile mafuta ya njano kwa ng'ombe wa nyasi: rangi ile inatoka kwenye majani, haimaanishi mnyama alikuwa mzee wala mgonjwa.

Kuhusu magonjwa nitasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Unayemuuzia unamjua. Watoto wake wanasoma na wako. Mnyama akaguliwe na mtaalamu akiwa hai na akaguliwe tena baada ya kuchinjwa, kila mmoja, hata yule unayemjua tangu alipozaliwa. Kifua kikuu cha ng'ombe kinaweza kujificha kwenye tezi za mnyama anayekula vizuri. Viluwiluwi vya tegu vinakaa ndani ya msuli na kwa nje huoni chochote. Na mnyama aliyekufa ghafla, hasa damu ikimtoka puani au kwenye haja, asipasuliwe na mtu yeyote. Huenda ni kimeta. Ukimfungua, vijidudu vyake vikipata hewa vinageuka mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi, na malisho yako yameharibika. Ita daktari wa mifugo, ukae mbali. Hasara ya mnyama mmoja familia inaweza kuibeba.

Dawa pia. Kila dawa ya sindano, ya minyoo, ya kupe, ina muda wa kusubiri kabla nyama kuliwa, umeandikwa kwenye lebo, na unaweza kuwa siku chache au wiki kadhaa. Andika tarehe ya sindano, jina la dawa na namba ya mnyama iliyo sikioni, kwenye daftari moja linalokaa sehemu moja. Kama siku hazijatimia, oda inaahirishwa. Mteja aliyesubiri wiki mbili kwa sababu umemwambia ukweli hakuachi.

Na kuahirisha kutakuwepo, kwa sababu kalenda ya mifugo haibembelezwi. Ng'ombe anabeba mimba miezi 9, kisha ndama anahitaji mwaka na nusu hadi miaka 3 kuwa wa kuchinjwa. Nyama utakayouza leo uliiamua siku ulipompandisha mama yake. Tuchukulie familia ina ng'ombe jike 10 na kwa mwaka wanazaa ndama 8. Wawili majike unawabakiza kuziba nafasi ya wanaozeeka. Wamebaki 6 wa kuuza, na hapo hakuna aliyekufa. Ni mnyama mmoja kila miezi miwili. Familia hiyo ikiahidi nyama kila wiki, itaishia kununua wanyama wa watu na kuwauza kwa jina lake. Mbuzi anabeba miezi 5, nguruwe miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ndiyo maana wengi wanaouza moja kwa moja wanachanganya mifugo, ili mdogo azibe pengo la mkubwa. Lakini hata hivyo, chukueni oda kabla, na malipo ya awali kabla. Mnyama asipelekwe machinjio mpaka zaidi ya nusu yake ina wenyewe.

Malipo ya awali yanatusaidia pia na madeni. Kumdai jirani ni kugumu. Kumkatalia ni kugumu zaidi. Utaratibu ukiwa mmoja kwa wote, hakuna anayejiona amedharauliwa, hata shemeji.

Nimeacha jambo la familia mwisho, na ndilo lililonitoa nyumbani kuja hapa. Kazi zote hizi nilizozitaja, nani anazifanya? Mara nyingi ni mama anayepokea simu usiku, ni binti anayepima na kufunga na kuandika, ni kijana anayeamka alfajiri kuwapeleka wanyama. Pesa ikiingia inaitwa pesa ya baba, au pesa ya shamba, na wao wanaambiwa wanasaidia. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Tulipohesabu gharama za kilo, tulihesabu chumvi ya kulamba na usafiri na machinjio. Saa za binti yule hazikuhesabiwa, na kwa sababu hazikuhesabiwa nyama ilionekana ina faida. Faida ile ilikuwa mshahara wake. Akiolewa, au akipata ajira mjini, shamba linagundua gharama yake ya kweli siku hiyo hiyo, na mara nyingi linafungwa.

Andikeni saa. Wekeni malipo, hata kama ni madogo, hata kama mwezi mbaya yanalipwa kwa ndama mwenye jina la kijana kwenye daftari. Mwacheni anayeongea na wateja awe na sauti kwenye bei, kwa sababu yeye ndiye anayejua nini kinarudishwa na nini kinagombaniwa. Na mkae mezani kama familia angalau kila baada ya mnyama mmoja kuisha: alikuwa na kilo ngapi, zimetoka ngapi, zimelipwa ngapi, nani anadai, nani amechoka. Hayo mawili ya mwisho yaulizwe kwa sauti sawa na yale ya kilo.

Baada ya mapumziko tutahamia kwenye ile meza ya kule nyuma. Kuna nusu ya mzoga wa mbuzi aliyekaguliwa, umelala kwenye baridi siku tatu, na tutaukata wote kuanzia shingo mpaka kifundo, kila fungu likipimwa na kuandikwa ubaoni ili muone zinavyopungua. Mkaguzi wa nyama amekubali kubaki nasi kujibu maswali ya tezi na viluwiluwi. Aproni na visu vipo vya watu wanne kwa zamu. Ninaomba vijana waanze, na sisi wazazi tukae nyuma yao tukiandika.

Asanteni kwa kunisikiliza.